Mtaa Usiopiga Yowe

Zipo nchi zinazoishi kwa dhahabu na zipo zinazoishi kwa mafuta. Shwarini inaishi kwa wageni. Anayetaka kuitafuta kwenye ramani asijisumbue. Atosheke kujua kwamba ni nchi njema, ina bendera nyingi kuliko nguzo za kuzitundikia, na kwamba mimi ninayeieleza sina ugomvi na mtu yeyote wa huko, mkubwa wala mdogo.

Wageni wa Shwarini huja kupumzika. Zamani walilala hotelini, lakini siku hizi hoteli zimewachosha. Wanataka kupanga nyumba mtaani, wapike wenyewe, waanike taulo zao dirishani na kujiona wenyeji mpaka likizo iishe. Kabla ya kupanda ndege wote huuliza swali lile lile: "Mtaa gani ni salama?" Swali dogo tu, lakini liliitia serikali homa, maana kulijibu kungehitaji mtu atoke ofisini akaangalie.

Basi ikaundwa Mamlaka ya Kuwachagulia Wageni Mitaa Salama, ikapewa jengo, magari na wimbo wake yenyewe. Wataalamu wake walikwenda kusoma ng'ambo, wakarudi na ugunduzi. Waligundua kwamba mtu akiibiwa hupiga yowe. Akishambuliwa, hupiga yowe. Nyumba ikishika moto, watu hupiga yowe. Kwa hiyo, wasomaji wangu, hatari na yowe hutembea pamoja, na ukiondoa yowe umeondoa hatari. Ugunduzi huo ulishangiliwa bungeni kwa kugonga meza. Mbunge mmoja aliyeuliza kama mambo hayawezi kuwa kinyume alipewa nafasi ya masomo nje ya nchi, na anaendelea nayo mpaka leo.

Vikafungwa vipima-yowe juu ya nguzo za umeme, kila mtaa na chake. Kila mwisho wa mwezi Mamlaka ilisoma vipimo na kutangaza mtaa ulio salama kuliko yote, wageni wakaelekezwa huko. Mwezi wa kwanza yalishinda makaburi ya manispaa. Wageni walipelekwa na mabegi yao, wakazunguka, wakarudi kulalamika kwamba hawakuona nyumba ya kupanga. Mamlaka iliwaomba radhi na ikatoa wito kwa wakazi wa eneo lile wajitokeze kuwekeza.

*

Mtaa wa Mbaazi ulikuwa wa mwisho kila mwezi, na aibu hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe aliitwa Hamduni Mkanga, Mpambanuzi wa Mitaa Daraja la Pili katika Mamlaka hiyo hiyo. Mtu mpole, shati limenyooshwa, tai ya rangi za serikali. Mchana kutwa aliwachagulia wageni mitaa salama ya watu wengine, jioni akarudi kulala katika mtaa ulioburura mkia. Juu ya nyumba yake alikuwa amejenga ghorofa ya mapumziko: chumba, sebule, jiko la gesi na kibaraza cha kunywea kahawa. Mkewe, Salha, alitundika mapazia meupe na picha ya twiga. Mapazia yakashika vumbi, twiga akashika vumbi, mgeni hakuja.

Tatizo la Mbaazi lilikuwa desturi. Waliotangulia waliwaachia moja tu ya maana, nao waliishika kwa mikono miwili: mtu akipiga yowe, kila anayelisikia hutoka, na hutoka na alichonacho mkononi. Hakuna kuvaa kwanza wala kuuliza kwanza. Anayesonga ugali hutoka na mwiko. Anayenyoa ndevu hutoka na povu shavuni. Fundi Msellem, mshona nguo, alishatoka mara nyingi na suruali ya mteja begani, mteja naye akimkimbilia nyuma amejifunga kitambaa cha mezani. Kuuliza "kuna nini?" kuliruhusiwa baada ya kufika. Aliyebaki ndani bila kuwa mgonjwa alinuniwa na mtaa mzima, hata chumvi dukani aliuziwa kwa kuangaliwa pembeni.

Koo la mtaa lilikuwa Bi Zaituni, mjane wa makamo ya juu, mnene, mwenye nyumba iliyopakana ukuta kwa ukuta na ya Hamduni. Sauti yake ikitoka, kunguru walihama. Alipiga yowe kwa mwizi, kwa moto, kwa mtoto aliyepanda juu ya tangi, na safari moja kwa nyoka, ambaye baada ya kupigwa na mtaa mzima aligundulika kuwa mpira wa kumwagilia maua. Wala hakuona haya. "Angekuwa nyoka je?" aliuliza, na watu wakarudi makwao wameridhika.

Hamduni mwenyewe alikuwa hai kwa sababu ya koo hilo. Alipokuwa mdogo alitumbukia katika shimo la maji machafu lililoachwa wazi na manispaa. Bi Zaituni aliona kandambili moja inaelea, akaachia yowe ambalo mtaa wa pili wanalisimulia mpaka leo, na Msellem, kijana wakati ule, akaruka ndani na nguo zake zote. Kila Idi Hamduni alisimuliwa kisa hiki kwa mara nyingine, na kila Idi alisema, "Ahsante, mama," kama adabu ilivyotaka.

*

Siku moja Mkurugenzi wa Mamlaka, Mheshimiwa Dakta Shaibu Mafungulo, alimwita ofisini kwake. Dakta Mafungulo hakupata kutumia neno moja pale ambapo matano yangepata ajira.

"Ndugu Mkanga," alianza, "mimi kama mimi, na pia kama Mkurugenzi, na vilevile kama mzazi, nimesikitika, nimehuzunika na sikufurahi. Kipima-yowe cha Mbaazi kimepasuka. Sikusema kimeharibika, Ndugu Mkanga. Kimepasuka. Mafundi wanasema kilipigwa na sauti ya mwanamke."

"Ni jirani yangu, Mheshimiwa."

"Hapo ndipo ninapotaka kufika, na sasa nimefika. Mwezi ujao Waziri anatoa Tuzo ya Mtaa Mtulivu. Utakaoshinda utapata lami, maji ya bomba na wageni wa msimu mzima. Mpambanuzi wake atapanda Daraja la Kwanza. Lakini mpambanuzi asiyeweza kumtuliza jirani mmoja, taifa limtegemee kwa lipi?"

 Mbele ya macho yake Hamduni aliona lami, akaona maji yanamwagika kutoka bombani. Ila mimi, nisiyependa kumsema mtu vibaya, nalazimika kueleza kwamba kabla ya lami na kabla ya maji aliona mapazia yake meupe, na kivuli cha mgeni nyuma yake.

Jioni ile akawakusanya majirani barazani kwake, Salha akagawa kahawa. Hamduni akaeleza habari ya tuzo.

"Hakuna anayetukataza kuibiwa," alisema. "Tunaombwa tu tusipige kelele. Mwezi mmoja, jamani."

"Na mwizi akija?" aliuliza Fundi Msellem.

"Mwizi ni binadamu. Tutasema naye kwa sauti ya kawaida."

"Na moto je?"

"Moto hauzimwi kwa yowe, Fundi. Unazimwa kwa maji. Na maji ndiyo haya tunayoyatafuta."

Lo! Hoja hiyo iliwaingia. Maji ya bomba yaliahidiwa Mbaazi kila uchaguzi, na mabomba makavu waliyowekewa watu waliyageuza kuwa kamba za kuanikia nguo. Wakatikisa vichwa, wakakubali. Hamduni akawafundisha na la mwisho: mgeni akisikia chochote akauliza kuna nini, jibu ni moja, "Hakuna kitu." Akawafanyisha mazoezi pale pale barazani, yeye akiuliza, wao wakijibu, mpaka sauti zikalingana.

Bi Zaituni alikuwa amenyamaza muda wote, jambo ambalo peke yake lilikuwa habari.

"Hamdu, mwanangu," alisema mwishowe, "jambo hili unalitaka kweli? Siwaulizi hao wakubwa wako. Nakuuliza wewe."

Hamduni alikitazama kikombe chake. "Nalitaka, mama."

"Basi yameisha. Wewe nilikupigia yowe ukapona, nitashindwa kukunyamazia?" Akaishika ncha ya kanga yake akawaonyesha watu. "Nikizidiwa nitaing'ata hii."

Watu wakacheka. Hamduni naye akacheka, ingawa kitu fulani kilimchoma chini ya mbavu. Akadhani ni kahawa.

*

Mwezi wa kimya ulianza vizuri sana. Harusi moja ilipita bila kigelegele hata kimoja. Bibi harusi alitolewa ndani amezungukwa na mashangazi waliofumba midomo, na mpita njia mmoja mwenye huruma akauliza amekosa nini. Msibani watu walilia kwa zamu, nyuso ndani ya mito. Watoto walicheza mpira wakifunga magoli kwa kupeana mikono. Hata majogoo walifikiriwa, wakaliwa.

Kisha mwizi akaingia kwa Fundi Msellem mchana kweupe, akabeba cherehani. Fundi alimfuata mpaka barabara kuu akisema naye kwa sauti ya kawaida, kama kikao kilivyoazimia. "Kaka, samahani, hicho ni chombo changu cha kazi." Mwizi yule, ambaye tangu aanze shughuli zake hakuwahi kuitwa kaka, aliguswa. Alimpa pole, akamwombea heri, akaenda na cherehani. Habari zikawafikia wenzake kwamba kuna mtaa wa watu waungwana. Wakawa wanakuja kwa adabu. Wengine walibisha hodi kwanza na kuvua viatu.

Kipima-yowe kipya kilisoma sifuri. Mamlaka ikatangaza kwamba kwa mujibu wa takwimu Mbaazi haujawahi kuwa salama kiasi hicho, na hilo lilikuwa kweli tupu, kwa mujibu wa takwimu.

Hamduni alimkuta Fundi Msellem kibarazani anashona kwa mkono, sindano imemganda vidoleni. Alitaka kupita kama hakumwona.

"Usijali, Hamdu," Fundi alimwita. "Lami ikija, wateja watakuja. Nitapata mashine nyingine."

Hamduni akajichekesha. Tangu siku hiyo akawa anakwenda kazini kwa njia ya nyuma, akikanyaga matope ambayo hakuwa na haja ya kuyakanyaga. Salha aliviona viatu, akavisugua.

Mgeni naye akaja, akapanga kwa msimu mzima. Jina lake Bibi Dorothea, mwalimu mstaafu kutoka nchi za baridi, kofia pana, aliyeisoma lugha ya Shwarini vitabuni na kuisema polepole bila kosa. Aliyapenda mapazia. Alimpenda twiga. Salha alipomuuliza kwa nini amechagua mtaa badala ya hoteli, aliweka begi chini akaeleza.

"Kwetu ninaishi ghorofa ya nne, peke yangu. Jirani yangu alikufa ndani mwake, mlango wake ukitazamana na wangu. Tulijua kwa harufu. Nikajiambia, likizo hii nataka kukaa mahali ambapo nikiita, mtu atatoka."

Salha alimgeukia mumewe. Hamduni aliyarekebisha mapazia ambayo hayakuwa na kasoro.

"Hapa kwetu," alisema, "kuna utulivu mkubwa."

*

Yaliyotokea Alhamisi moja nitayaeleza haraka, maana hata mimi sipendi kuyaeleza.

Bi Zaituni alipanda juu ya kigoda kuteremsha sufuria kubwa kabatini. Kigoda kikateleza. Alianguka upande, nyonga ikavunjika, akabaki sakafuni kati ya kabati na mlango. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Upande wa pili wa ukuta, Hamduni alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Alikaa barazani na kikombe chake. Juu yake Bibi Dorothea amelala usingizi wa mchana, mbele yake mtaa mzima hauna sauti, na Hamduni akakisikiliza kimya kile kikamfurahisha. Alimwambia Salha, "Unasikia? Hakuna hata nzi." Alikunywa kikombe cha pili.

Jua lilikuwa linateremka Salha alipokwenda kwa jirani kurudisha chujio. Alisukuma mlango ukakwama kwenye mguu wa mtu. Alichungulia, akajiziba mdomo, akarudi kumwita mumewe kwa kumkonyeza. Kwa kumkonyeza, jamani! Mwanamke mzima, msiba mikononi, anakonyeza.

Bi Zaituni alikuwa macho, uso umelowa jasho. Kanga yake ilikuwa imesokotwa ndani ya kinywa, nusu ya ua jekundu la pindo limepotea humo. Hamduni alipoivuta, ilitoka na damu ya fizi.

"Mama," alisema. "Mama, kwa nini hukuita?"

Bi Zaituni alimwangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo mwulizaji ndiye anayelijua.

"Mgeni wako amelala," alisema.

*

Hospitalini daktari alikuwa mtu wa maneno machache, ndiyo maana hakuwa mkubwa. Alisema mfupa ulivunjika vibaya, lakini kilichoharibu zaidi ni saa za kulala juu yake. Angeletwa mapema, angetembea. Sasa ataishi, ila ni kwa kitanda na mkeka.

"Hakukuwa na mtu karibu?" aliuliza.

"Alikuwapo," alijibu Hamduni, akaenda kusimama ukutani.

Roho ilimuuma kiasi kwamba alishindwa hata kukaa. Alihesabu vigae vya ukutani, akavipoteza, akaanza upya. Aliona kandambili inaelea. Aliona kikombe cha pili cha kahawa, moshi wake, na jinsi alivyokipuliza. Angeweza kusema alikuwa hajui, na kweli hakujua, lakini alijijua: ni yeye aliyewafundisha watu wasimjulishe.

Bi Zaituni alipozinduka baada ya kupasuliwa, alimtafuta kwa macho. Hamduni aliinama, sikio karibu na midomo yake, tayari kulaumiwa. Alikuwa anaitamani lawama ile. Angepewa kofi angelishika akaliweka mfukoni.

"Tulishinda?" aliuliza Bi Zaituni.

Hamduni alimrekebishia shuka.

"Sikulia hata kidogo, Hamdu. Mtu wa mashine yako aseme kama alisikia chochote." Alifumba macho akitabasamu. "Usije ukawaambia habari ya nyonga. Wataona mtaa wetu una mikosi, waupe mtaa mwingine lami yetu. Niapie."

"Mama, siwezi..."

"Niapie, baba."

Akaapa. Hata huko hospitalini aliapa kwa kunong'ona.

*

Tuzo ilitolewa asubuhi ya Jumamosi, uwanjani mwa mtaa, chini ya turubai lenye picha ya Waziri, ili Waziri atakapofika apajue. Kwa kuwa ilikuwa sherehe ya utulivu, taratibu zilipangwa kwa makini. Bendi ya jeshi ilikuja na matarumbeta, ikayainua, ikayashusha. Watu walipewa leso nyeupe za kupunga badala ya makofi. Waziri alihutubia kwa kufungua na kufumba mdomo, na walioketi mbele walisema baadaye kwamba haikuwahi kutolewa hotuba yenye maana kama ile.

Kisha Dakta Mafungulo akamwashiria Hamduni aende kwenye kipaza sauti.

Hamduni alikuwa hajalala. Kiapo kilimkaba upande mmoja, na ile kanga yenye damu upande mwingine. Alipopanda jukwaani akawaona majirani zake wote safu ya kwanza, wamevaa nguo za Idi, Fundi Msellem na vidole vyake vilivyovimba, na kiti kitupu walichomwekea Bi Zaituni na leso juu yake. Kiapo kikakatika. Akashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Mtaa huu hauko salama," alisema. "Ulikuwa salama zamani, mlipokuwa mnapiga kelele. Mimi ndiye niliyeuharibu. Bi Zaituni alilala sakafuni na kanga kinywani, mimi nipo upande wa pili wa ukuta nakunywa kahawa. Nyonga ile nimeivunja mimi. Naomba tuzo hii irudi ilikotoka, na naomba mnisamehe kama mnaweza!"

Machozi yalimtoka. Alingoja. Akaona leso nyeupe zinapungwa uwanja mzima, kwa furaha, mstari kwa mstari.

Ndipo alipofuata waya wa kipaza sauti kwa macho. Ulishuka jukwaani, ukapita chini ya zulia, ukaishia hapo. Kipaza sauti kiliwekwa kwa heshima tu. Naye, kwa mazoea ya mwezi mzima, alikuwa amenong'ona.

Dakta Mafungulo, aliyekuwa karibu, alikuwa amesikia kila neno. Alimkumbatia.

"Unyenyekevu mkubwa," alimnong'oneza. "Kujishusha, kujikana na kutojikweza. Ukienda kufundisha mitaa mingine usiache kipande hicho. Hongera, Daraja la Kwanza."

Akamkabidhi tuzo yenyewe: kengele kubwa ya shaba, inang'aa, haina ulimi ndani.

*

Lami iliwekwa kweli, mpaka pale msafara wa Waziri ulipogeuzia. Bomba likaletwa, likafunguliwa kwa utepe, likatoa upepo. Bi Zaituni alirudishwa nyumbani, akawekewa kitanda chini ya dirisha linalotazama mtaa. Kengele alipewa yeye aitunze, akawa anaifuta kila siku kwa ile ile kanga iliyofuliwa. Majirani walimpelekea uji na kumsifu. Hakuna aliyemlaumu Hamduni hata kwa jicho. Walimpisha njia, walimwita Mheshimiwa, na kila alipoitwa hivyo alitamani ardhi ipasuke.

Alasiri moja uzalendo ukamshinda. Alikuwa anatoka kazini, akamwona Bi Zaituni dirishani anamtikisia kengele isiyolia, uso wote tabasamu. Hamduni alisimama katikati ya lami. Akaona njia moja tu iliyobaki. Akiita, watatoka, kama walivyotoka siku zote. Wakitoka, atawaambia usoni, bila kipaza sauti: mimi ndiye. Pigeni yowe, jamani, pigeni kuanzia leo, hata kama ni nyoka wa mpira.

Akavuta pumzi, akaachia.

"Jamaniii! Njooni! Njooni jamani, nakufaaa!"

Sauti ilitoka vibaya, imekwaruza, lakini ilitoka. Kunguru waliruka. Ndani ya nyumba mwiko ulisita juu ya sufuria. Mapazia yalitikisika upande huu na upande ule. Aliwaona watu nyuma ya mapazia hayo, aliwajua kwa vimo vyao. Aliona mkono wa Fundi Msellem umeshika fremu ya mlango. Mlangoni kwake mwenyewe, nyuma ya kioo, alimwona Salha ameweka kidole kwenye komeo, hajalisukuma. Harufu ya vitunguu vinavyoungua ikaenea mtaa mzima. Hakutoka mtu.

Mara akasikia miguu inashuka ngazi mbio. Bibi Dorothea alitokea peku, taulo mabegani, povu la sabuni kichwani, mkononi kijiko cha mbao. Alikimbia mpaka mbele ya Hamduni, akamkagua mikono, akamkagua kichwa. Alipokuwa amefika, ndipo akauliza.

"Kuna nini?"

Madirisha yakajibu kwa pamoja, sauti zimelingana barabara:

"Hakuna kitu!"

Na moja iliyochelewa, dhaifu, yenye furaha, kutoka dirisha la karibu: "Hakuna kitu, mwanangu!"

Bibi Dorothea hakugeuka kuyatazama madirisha. Povu lilimteremka shavuni, akaliacha.

"Mimi nimekusikia wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeita. Niambie. Kuna nini?"

Alikuwa amempata, basi, mtu mmoja aliyetoka. Maneno yote yalikuwa tayari ulimini. Hamduni alitazama nyuma ya bega la mgeni, akaona dirishani ule mkono mnene umeshika pazia, na macho ya Bi Zaituni yakimwomba asije akaiaibisha kazi yao. Akafungua kinywa, kile kile kilichowafundisha wote.

"Hakuna kitu," alisema Hamduni.